Mlango wa Nane wa Bi Hisayo

Nyumba yangu na ya Hisayo Tawara zimetenganishwa na ua wa michai na kishamba cha vitunguu. Tumekuwa majirani kwa miaka arobaini na saba, na katika arobaini na sita ya kwanza sikuwahi kumsikia akikiri kwamba ameshindwa jambo. Ukimwambia jiko lake linafuka moshi, anakuambia anapenda moshi. Alipovunjika kidole cha mguu, alisema kosa ni la kiatu. Mimi ndivyo nilivyompenda, ingawa kuna siku nilirudi kwangu nimeuma meno.

Alizaliwa pwani, kwa watu wa samaki, akaolewa huku kwetu milimani na Kanesuke Tawara, dereva wa gari la kusukuma theluji. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa mpishi mkuu wa shule ya msingi, na bonde zima lilikua kwa kula mkononi mwake. Watoto walipokwisha shule ikafungwa, lakini hakuna aliyemfundisha kupika kidogo. Mpaka leo akipika supu ya miso, ile ya soya iliyochachushwa, mimi naletewa ndoo.

Kanesuke ndiye aliyekuwa fundi wa nyumba. Paa yeye, bomba yeye, na kila tarehe ishirini na nane ya Desemba, milango ya karatasi yeye. Nyumba yao ina milango minane mfululizo kwenye ushoroba, ya kuteleza kando, kila mmoja fremu ya vijiti iliyobandikwa karatasi, na kama tunavyofanya sote, karatasi ilibanduliwa na kubandikwa mpya kabla ya mwaka kuingia. Siku hiyo alimfukuza mkewe nyumbani. Alisema karatasi haipendi maneno, na mke wake hajui kunyamaza. Basi Hisayo alikuwa akija kwangu tangu asubuhi, tukitia figili chumvi na kumsengenya yeye, na saa kumi jioni akirudi alikuta milango myeupe pepepe, na mume na mtoto wao Tomonari wameketi wametulia kama watu waliotoka kusali.

Kanesuke alifariki miaka mitatu kabla ya haya ninayoyasimulia, majira ya kuchipua. Tangu hapo milango haikuguswa. Karatasi ikageuka rangi ya chai. Ikachanika hapa na pale, na Hisayo akaziba kila tundu kwa kipande cha karatasi alichokikata umbo la ua la mcheri, kama tulivyofundishwa na mama zetu. Alipochoka kukata maua, akaanza kuziba kwa kalenda ya duka la mbegu. Ungekaa sebuleni kwake ungesoma tarehe ya kupanda kabichi mlangoni.

Tomonari anaishi Hiroshima. Ni mkaguzi wa lifti, mtu wa miaka arobaini na saba, mwenye miwani na kidaftari kisichotoka mfukoni. Ni mtoto mzuri, simsemi vibaya, ila kazi imemwingia mwilini. Alipokuja Agosti kuzuru makaburi, aliizunguka nyumba na kile kidaftari, kisha akaketi mbele ya mama yake.

"Matundu arobaini na moja, Mama. Kwenye milango peke yake."

"Umehesabu na yale niliyoyaziba?"

"Nimehesabu yote."

"Basi umenionea. Niliyoyaziba si matundu."

Hapo ndipo alipolitoa lililomleta. Kuna nyumba ya kupanga karibu na kwake, vyumba viwili, ghorofa ya saba, joto la kutosha. Lifti ya jengo hilo anaikagua mwenyewe. Alisema hawezi kulala akimfikiria mama yake peke yake milimani, kwenye nyumba inayomwangukia kidogo kidogo, na kama hawezi hata milango, kesho itakuwa paa. Alisema kwa upole, na ukweli ni kwamba hakukosea sana. Hisayo akamwambia kwamba milango anaiweza, sema hajataka tu.

"Minane yote?"

"Minane yote. Peke yangu. Ukija mwisho wa mwaka utaikuta."

Nilikuwepo, nikimenya maharagwe, na wakanifanya shahidi. Makubaliano yalikuwa haya: Tomonari akifika tarehe thelathini ya Desemba akakuta milango yote minane ina karatasi mpya, mambo ya kuhama hayatatajwa tena nyumbani humo. Ukikosekana hata mmoja, Hisayo anahama Aprili. Asiitwe fundi, wala jirani asitie mkono. Tomonari aliposema jirani alinitazama mimi.

"Na mdomo je?" nikamuuliza.

Alifikiri kidogo kama anayesoma kanuni. "Mdomo wako, Shangazi Umeno, siwezi kuuzuia."

Alipoondoka, Hisayo akaniuliza huko juu ghorofa ya saba atakuwa akimpikia nani. Nami nitasema wazi, niliogopa. Upande wetu wa kijito tumebaki watatu: yeye, mimi, na kasisi wa hekalu ambaye hasikii vizuri. Akienda yeye, mimi nitazeeka nikizungumza na vitunguu.

Desemba ikaja, na yeye akaichezea. Mara figili, mara kusafisha bafu, mpaka ikafika tarehe ishirini na sita. Siku hiyo akapanda kipikapu chake cheupe, akavuka mlima mpaka duka la vifaa, akarudi na roli tatu za karatasi. Roli moja inatosha milango minne. Akajipongeza kwamba amenunua vipande vinne vya kukosea, ingawa hatavihitaji. Mimi nikaja na kikapu cha machenza, nikaingiza miguu chini ya meza yake ya kuotea moto, na kazi ikaanza nikiitazama.

Kosa la kwanza alilifanya kabla hata hajagusa gundi. Aliitoa milango yote minane kwa mpigo, akaisimamisha nje kwenye ukuta wa ghala kama watu waliopanga foleni.

"Umeweka alama?" nikamuuliza.

"Alama ya nini? Mlango ni mlango."

Sasa nyumba ile aliijenga baba mkwe wake, na kwa miaka mingi imekuwa ikiegemea upande wa kijito. Kila mlango ulirandwa ukae mahali pake tu. Aliporudisha mmoja ajaribu, ukakwama nusu njia. Akaleta wa pili, ukaacha uwazi ambao paka angepita na mtoto wake mdomoni. Akaenda nje akarudi, akaenda akarudi, amebeba milango mirefu kuliko yeye, mpaka kitambaa cha kichwa kikamfunika macho. Nilikula machenza sita. Nilitaka kucheka na nilimhurumia, yote kwa pamoja.

Mwisho aliuangusha mmoja kwa ubavu, na hapo chini ya ubao wa chini, mahali ambapo hapatazamwi na mtu, tukaona maandishi ya penseli. Mwandiko wa Kanesuke. *Wa kwanza. Hukwama siku za mvua.* Tukageuza mwingine: *Wa tatu. Usisukume, vuta.* Mwingine: *Wa tano, hupiga mluzi.* Yote ilikuwa na maneno yake. Wa nane, ule wa mwisho karibu na jikoni, ulikuwa umeandikwa *Wa Tomonari* basi, bila maelezo.

Nikasema labda kwa sababu kijana alikuwa akilala chumba kile. Hisayo akakubali kwamba ndivyo ilivyo. Alifuta vumbi kwa kidole gumba pembeni mwa maandishi, asiyaguse. Kisha akaniambia marehemu alikuwa msiri kupita kiasi, mtu gani anaandika mambo chini ya mlango.

Nilimshauri abandue miwili miwili, maana fremu ikikaa uchi muda mrefu inajipinda. Hilo alilisikia, nami nashukuru mpaka leo. Lakini kungoja hakuweza. Unatakiwa kulowesha vijiti kwa sifongo, unakunywa chai, ndipo karatasi ya zamani inabanduka yenyewe kama gamba. Yeye alilowesha akavuta papo hapo. Ikatoka vipande vipande vya ukubwa wa kucha, na kila kipande kikamganda mahali: mkononi, kwenye aproni, kwenye nyusi.

Gundi ya duka aliikataa kwa dharau. Alisema mtu aliyepika uji wa watoto mia mbili hawezi kununua uji ndani ya chupa. Akachukua unga wa mchele, akakoroga, akachemsha, na sitamnyima haki yake: ilitoka laini, bila donge hata moja, na jikoni pakanukia vizuri. Akapaka vijiti kwa brashi, akakunjua karatasi juu yake, akakata pembeni kwa kisu. Milango miwili ya kwanza ikasimama myeupe, imenyooka. Nilimsifu, na mimi sisifu ovyo. Akasema angejua ni rahisi hivi asingemwachia Kanesuke aringe miaka yote ile.

Mchana kukaanza mvua ya barafu. Karatasi ikalegea. Ilining'inia kwenye fremu kama tumbo la mzee aliyetoka kuoga. Akawasha jiko la mafuta, ikajikaza. Akazima, ikalegea. Asubuhi ya tarehe ishirini na saba nilipofika niliikuta imelegea zaidi, na pembeni gundi ilikuwa bado na unyevu, baada ya usiku mzima. Aliilaumu karatasi, akalilaumu duka, akawalaumu na wanaotengeneza karatasi siku hizi. Mimi nikachovya kidole kwenye sufuria ya gundi iliyobaki, nikaonja.

"Bi Hisayo. Umetia chumvi."

Alinitazama kama niliyemtukana mamaye. "Uji bila chumvi ni nini?"

"Ni gundi."

Mkono wake ulikuwa umetia wenyewe. Miaka thelathini na moja ulikuwa ukitia, na si chembe, ni kiganja cha kuwatosha watoto mia mbili. Na chumvi, kama anavyojua kila mtu aliyewahi kuisahau wazi siku ya mvua, hunywa maji ya hewani. Vipande viwili vya karatasi vikaenda motoni. Akapika upya, na mara mbili nikauona ule mkono ukielekea kwenye kopo. Nikalichukua kopo nikalipakata. Tukajadiliana kama huko ni kutia mkono, na tukaafikiana kwamba makubaliano yalihusu milango, hayakutaja chumvi.

Milango miwili ikakaa sawa. Wa tatu akaukatia karatasi kwa kupima pale vijiti vinapoishia, akasahau ubao wa pembeni, ikapungua upana wa kidole. Motoni, akakata kingine. Wa nne aliubandika vizuri sana, na hapo akataka kujionyesha. Gundi ikishakauka, ukiinyunyizia karatasi ukungu wa maji, hujivuta ikawa ngumu kama ngozi ya ngoma. Nilimwambia angoje mpaka kesho. Akasema kesho kuna kazi nyingine, akanyunyiza. Karatasi ikaanza kujivuta na gundi bado mbichi, ikaachia kona moja, kisha ya pili, kisha upande mzima, polepole, sisi tukitazama. Ilikuwa na mlio mdogo wa kuachia, tik, tik. Hisayo alisimama na chupa ya maji mkononi mpaka ulipokwisha. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba chupa ile ina nguvu mno.

Nilimwona jioni ile akikaa sakafuni katikati ya mabaki, ameshika tama. Mikono yake, iliyokuwa ikiinua masufuria ya lita hamsini, ilikuwa na mikato midogo midogo ya kisu. Aliniambia bila mimi kuuliza kwamba Kanesuke alikuwa akitumia siku moja tu. Siku moja, minane yote, na jioni hana hata tone la gundi kwenye mkono wa nguo. Alikuwa akidhani ni kazi nyepesi, ndiyo maana hakuwahi kumshukuru. Nilimmenyea chenza, akalila.

Tarehe ishirini na nane alifanya kazi kama mtu mwingine. Alingoja palipotaka kungojwa. Akarudia wa nne, akamaliza wa tano na wa sita, na yote ikalia vizuri ukiigonga kwa ukucha. Ikabaki miwili, na vipande viwili vya karatasi. Tulicheka siku ile. Alipika supu nikapewa ndoo.

Asubuhi ya tarehe ishirini na tisa theluji ilikuwa imefika magotini. Akabandika wa saba. Ulipokauka akaubeba kwenda kuuweka mahali pake, ameukumbatia mbele hata haoni anakokanyaga, na mguu ukajikwaa kwenye ukingo wa mkeka. Hakuanguka. Ila goti lilipita katikati ya karatasi, likatokea upande wa pili, na pale akasimama, goti nje, kama anayechungulia kwa mguu. Safari hiyo hakumlaumu mtu. Akaubandua, akatumia kipande cha mwisho, na wa saba ukakamilika saa sita mchana.

Wa nane ulikuwa bado nje kwenye ghala na karatasi yake ya zamani, rangi ya chai, maua yake ya kuzibia na kalenda ya kabichi. Karatasi ya mwisho aliyoibandika Kanesuke ndiyo iliyokuwa pale, kwa sababu nyingine zote zilikwisha kuchomwa. Barabara ya kwenda dukani ilikuwa imefungwa na theluji, na duka lenyewe lilikuwa linafunga mchana ule kwa mwaka mpya.

Nikamwambia mimi nina roli nzima nyumbani kwangu.

"Nilisema sitasaidiwa."

"Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

Nilikasirika. Nasema kweli, nilikasirika sana. Nikamwambia kiburi chake kitampeleka ghorofa ya saba na kuniacha mimi hapa na kiziwi. Nikamwambia kama urafiki wa miaka arobaini na sita hauna thamani ya roli moja ya karatasi, basi na ahame hata leo. Alikwenda ghalani, akauleta mlango wa nane, akaupangusa, akautia mahali pake jinsi ulivyo. Nilitoka bila kumaliza chai.

Kesho yake nilirudi, maana nilikuwa shahidi, na pia sikulala. Nyumba ilikuwa imefagiliwa ikang'aa. Mwanga wa theluji uliingia kupitia milango saba ukawa mweupe na laini juu ya mikeka, na mwisho wa ushoroba ule wa nane ulikaa kama jino bovu. Hisayo alikuwa amevaa aproni safi. Alinimiminia chai bila kuongea, nami nikaipokea bila kuongea, na hivyo tukawa tumepatana.

Tomonari alifika saa tano, amefunga minyororo kwenye magurudumu. Alikuwa na begi, na ndani ya begi, kama alivyotuambia kwenye simu, kulikuwa na fomu ya ile nyumba ya Hiroshima. Akavua viatu, akamwashia baba yake ubani, akatusalimu. Kisha akatoa kidaftari.

Alianza na wa kwanza. Akaufungua, akaufunga, akagonga karatasi kwa ukucha, akaandika. Wa pili vivyo hivyo. Kwenye wa tatu alivuta badala ya kusukuma, nami nikajua kwamba aliyajua yale maandishi ya chini. Wa nne, wa tano, wa sita. Kila alipoandika aliinua nyusi, na niliona kwamba hakutegemea. Kwenye wa saba alipitisha kiganja chote juu ya karatasi, taratibu. Hisayo alikuwa nyuma yake, mikono ameificha chini ya aproni.

Alipofika wa nane akasimama. Hakugonga wala hakuandika. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Umeniachia," akasema. Sauti ilikuwa ndogo, haikuwa ya mkaguzi.

Sikuelewa kitu, ila nilielewa kwamba mtu yule amefurahi, na kwamba furaha yake ilikuwa inatufaa sote. Nikamkazia macho Hisayo. Alitakiwa kusema ndiyo tu. Neno moja, Aprili ipite, na mimi nibaki na jirani. Nilimwona akilifikiria. Midomo yake ilijikusanya kulisema.

"Nimekuachia nini, mwanangu?" akasema. "Karatasi iliisha. Niliharibu vipande vitano. Huu nimeshindwa."

Miaka arobaini na sita. Sikuwa nimewahi kulisikia neno lile likitoka kinywani mwake, na lilinichoma kuliko ningelisema mimi.

Tomonari aligeuka. "Baba hakukwambia?"

"Aniambie nini?"

Akacheka kwanza, kicheko cha aibu, akakaa chini ushorobani pale pale. Akatueleza kwamba kila tarehe ishirini na nane, mama yake alipokwisha kuvuka ua wa michai, baba yake alimwambia, haya, njia nyeupe. Mzee alibandika milango saba, na yeye alitakiwa kungoja mikono nyuma, bila kugusa kitu. Mwaka mzima ukitoboa karatasi kwa kidole unafinywa sikio. Lakini wa nane, kabla haujabanduliwa, ulikuwa wake. Aliruhusiwa kuutoboa. Kwa kidole, kwa ngumi, kwa kichwa, mwaka mmoja alipita mzima mzima mpaka upande wa pili. Kisha walichoma mabaki pamoja, wakachoma na mochi, zile keki za mchele uliotwangwa, juu ya moto huo huo, wakala, wakafuta midomo, wakaapa kutomwambia Mama.

"Kwa nini nisiambiwe?"

"Alisema ukijua, utaitoboa wewe yote minane."

Hisayo alifikiri. "Hapo hakukosea," akasema. Kisha akauliza, "Mpaka ulipokuwa na miaka mingapi?"

Tomonari akatazama mikeka. "Arobaini na tatu."

Nilikumbuka basi kwamba kila mwaka kijana alikuwa akija siku ile, mtu mzima mwenye kazi yake, tukisema ni mtoto mwema, anakuja kumsaidia baba yake. Hisayo naye alikuwa akikumbuka. Alifunika mdomo kwa aproni, na sikuweza kujua anacheka au analia, mpaka nikaona ni yote mawili.

Lakini hesabu ilikuwa bado pale. Saba katika nane. Tomonari akafungua kidaftari akakitazama, na mimi hofu ikanirudia, maana namjua: lifti ikiwa na kasoro moja anaifunga, hata mwenye jengo apige magoti.

"Kwenye kazi yetu," akasema polepole, "lifti ikikutwa mbovu, imefeli. Lakini ikikutwa imefunguliwa, fundi yuko kazini, haihesabiwi. Inaandikwa iko kwenye matengenezo."

Akainuka, akalamba kidole cha shahada, akakiweka juu ya tarehe ya kupanda kabichi, akasukuma. Kikatoa mlio mzuri, mkavu. Akakunja ngumi.

"Ngoja," Hisayo akasema.

Nilidhani anamzuia, maana ilikuwa karatasi ya mwisho ya mume wake. Nadhani hata Tomonari alidhani hivyo, akashusha mkono. Hisayo alikunja mkono wa nguo mpaka kwenye kiwiko.

"Usimalize upande wa chini. Huko ni kwangu."

Waliutoboa wote wawili. Mama wa miaka sabini na tatu alipiga ngumi kama anayekanda unga, kila mraba ngumi moja, na kila ngumi alimtaja Kanesuke kwa jina akimwita mwongo, msiri, mzee mjanja. Mimi nikapewa mraba mmoja wa pembeni, kwa sababu nilikuwa shahidi. Sijui nieleze vipi. Umri wangu wote nilikuwa nikikatazwa kitu hicho, na ni kitamu kweli.

Tomonari aliandika: milango saba, sawa, mmoja uko kwenye matengenezo. Akatusomea. Ile fomu sikuiona tena. Mimi nikavaa viatu nikapita ile theluji kwenda kuleta roli yangu, na safari hiyo hakuna aliyesema nimetia mkono. Tulichoma mabaki uani, tukachoma na mochi. Hisayo alisema zimeungua, akala nne.

Wa nane aliubandika Tomonari mwenyewe, kwa rula na kwa vipimo, lugha ya kitaalamu tupu, na gundi ya mama yake isiyo na chumvi, kopo nikiwa nimelipakata mimi. Ulipotiwa mahali pake tukaona kwamba ameibandika karatasi upande usio wake. Vijiti, ambavyo hukaa ndani mtu avione, vimegeukia ushorobani, na chumbani kuna uwanda mweupe mtupu kama bango lisiloandikwa. Hisayo alicheka mpaka akakaa chini. Kijana alitaka kuubandua arudie. Mama yake akamkataza. Alisema ukaguzi umekwisha, na kwamba anaupenda hivyo.

Ulikaa hivyo mwaka mzima, na kila mgeni aliyeuliza aliambiwa ni kazi ya mtaalamu kutoka Hiroshima.

Desemba iliyopita Hisayo alibandika milango saba kwa siku mbili, akaharibu kipande kimoja tu, ambacho alisema kilikuwa kibovu tangu dukani. Nilikuwa pale na machenza yangu. Alipogeuza wa nane kuupangusa vumbi, niliona kwamba chini ya yale maneno ya Kanesuke, *Wa Tomonari*, ameongeza ya kwake kwa penseli, kwa herufi zile kubwa alizokuwa akiandikia majina ya vyakula shuleni: *Usiguswe mpaka afike.*